Laptop ya Rahaf

Ijumaa, 13 Mei 2016, Riyadh

Leo nimepata kompyuta. Naandika hilo kwanza kwa sababu bado siamini.

Baada ya chakula cha mchana baba mwenye nyumba na mkewe, madam, walikwenda kulala. Nilikuwa nafuta ngazi Rahaf aliponiita chumbani kwake. Rahaf ndiye binti mkubwa wa nyumba hii, anamaliza chuo kikuu mwaka huu, na baada ya Idi ataolewa Jeddah. Alivuta laptop kutoka nyuma ya viatu vyake, imefungwa kwa shela kuukuu.

"Rosa, chukua. Imekufa. Si ulisema ulisomea kompyuta? Futa kila kitu, weka kipya, iwe yako."

Nikamwambia kompyuta nilisoma muhula mmoja na nusu tu pale Kakamega, kabla ya kuingia uhasibu. Akacheka. "Muhula mmoja na nusu umenishinda mimi. Lakini mama asijue. Na ufute kila kitu, umesikia?"

Nimesikia. Nimeificha chini ya kanga zangu. Chuo changu kimekubali nimalizie cheti cha uhasibu kwa mtandao. Mtihani ni tarehe tisa Julai, na simu hairuhusiwi, lazima kompyuta yenye kamera. Nilikuwa nimeshajisemea kwamba mwaka huu umepita hivyo. Sasa mtoto wa wenyewe, bila hata kujua shida yangu, ananiita na kunipa. Mungu ana njia zake.

Imekufa kweli, ila si kabisa. Ukiiwasha, vidoti vinazunguka, vinazunguka, halafu skrini inageuka buluu na uso wa huzuni. Inajizima, inaanza tena. Nimeitazama ikifanya hivyo mpaka madam alipoamka akaita chai.

Jumapili, 15 Mei

Vumbi tangu asubuhi. Nimeosha madirisha, na jioni ni kama sikuyaosha.

Jumanne, 17 Mei

Nimemweleza Protus. Protus ni dereva wa nyumba hii, mtu wa Bungoma, analala kwenye chumba cha getini. Hatuwezi kukaa tukaongea kama watu, kwa hiyo maongezi yetu yote ni kwenye dirisha la jikoni, anapokuja kuchukua chakula chake. Dakika chache tu, Dada Sellah, mpishi, akiwa amesimama katikati na mwiko.

Nilidhani ataniambia niachane nayo. Badala yake uso ulimchangamka. "Windows imeoza hiyo. Weka Ubuntu badala yake, ni mfumo wa bure, hausumbuliwi na virusi. Nina jamaa huko Al-Sulay, analinda ghala la vifaa vya elektroniki, ni mtu wa kompyuta. Atanitengenezea flash."

"Utapata lini?"

"Ijumaa. Hiyo mashine tutaifuta mpaka isahau jina lake, Rose."

Ndugu wa nyumbani ni ndugu kweli.

Ijumaa, 20 Mei

Flash ilikuja ndani ya mkate. Dada Sellah alinikabidhi bila kuniangalia.

Wakati wa usingizi wao wa mchana nilijifungia chumba cha kufulia. Nikachomeka flash, nikawasha, nikabonyeza F2 kama Protus alivyosema. Ukafunguka ule ukurasa wa buluu na kijivu wa mipangilio ya ndani, unaokuja kabla kompyuta haijaamka. Nikaweka flash iwe ya kwanza kusomwa. Nikahifadhi. Nikawasha upya.

Vidoti. Uso wa huzuni.

Nikarudia. Nikabadilisha tundu la flash. Nikarudia. Mara ya mwisho flash haikuonekana kabisa kwenye orodha, kama haijachomekwa. Nikasikia madam anakohoa juu, nikafunika laptop kwa mashuka machafu.

Jumamosi, 21 Mei

Protus anasema jamaa aliitengeneza flash kwa mtindo wa zamani na mashine yangu ni ya mtindo mpya. Ataipeleka tena Al-Sulay. Alinisemesha kwa ukali kidogo, kama kosa ni langu.

Jumatano, 25 Mei

Wageni. Kuku kumi na nane. Miguu imevimba.

Ijumaa, 27 Mei

Leo flash imeonekana! Niliona jina lake kwenye orodha nikapiga kofi moja, nikajiziba mdomo. Nikaichagua. Skrini ikawa nyeusi, halafu kikatokea kisanduku chekundu kinachosema usalama wa mashine umekataa. Yaani kompyuta inaiona, na inaikataa mlangoni, kama mtu asiye na ikama, kibali cha kuishi huku.

Kuna mahali pa kuzima huo ulinzi, unaoitwa Secure Boot. Nilipafikia. Lakini maandishi yake ni ya kijivu, mshale unayaruka. Huwezi kuyagusa. Nilipanda na kushuka, nikatoka, nikarudi. Kijivu vilevile.

Nilipotoka chumba cha kufulia, Dada Sellah alikuwa amekaa kwenye ngazi anachambua mchele. Amekaa Saudia miaka mingi, anatoka Nyando, na hunena kidogo.

"Mdogo wangu, hicho kitu kitakutoa roho."

"Nimepewa, Dada."

"Umepewa na nani mbele ya nani?" Akaendelea kuchambua. "Jirani hapo, yule msichana wa Kiganda, walimkuta na picha za harusi ya mabosi wake kwenye simu. Picha tu. Polisi walikuja na gari mbili. Mimi nina watoto wanaosoma, Rosebellah. Wakija kukuchukua wewe, watauliza nani mwingine alijua."

Nilichukua ungo nikamsaidia.

Alhamisi, 2 Juni

Tunafungasha. Ramadhani na Idi zitakuwa Jeddah, kwa sababu ya harusi. Rahaf amepita karibu yangu kwenye korido akauliza kwa Kiingereza, polepole, "Umeshafuta?" Nikamwambia bado, mashine inakataa. Uso wake ulibadilika. Sikuwahi kumwona hivyo.

"Fanya haraka," akasema. "Tafadhali."

Tafadhali. Hajawahi kuniambia neno hilo.

Jumapili, 5 Juni, Jeddah

Safari ya siku nzima. Protus kwenye usukani wa lile gari kubwa jeupe, baba kando yake, madam na Rahaf katikati, sisi nyuma na masanduku. Mchanga, nguzo za umeme, mchanga. Laptop ilikuwa ndani ya blanketi langu, chini ya miguu yangu. Kila kituo cha ukaguzi nilihisi kama inapumua.

Jeddah ni joto la aina nyingine. Riyadh inakukausha, huku unalowa ukiwa umesimama tu.

Jumatano, 8 Juni

Mwezi mtukufu umegeuza nyumba. Usiku kucha wanakula, wanapokea wageni, wanakwenda madukani. Baada ya alfajiri wanalala, na mpaka adhuhuri hakuna sauti ila viyoyozi. Mimi na Dada Sellah tunasinzia kwa zamu. Asubuhi hizo sasa ndizo zangu.

Alhamisi, 9 Juni

Protus dirishani, akipokea chakula chake cha kula kwa siri, maana mchana wa Ramadhani huwezi kutafuna mbele za watu:

"Jamaa wa Al-Sulay amepata dawa. Ingia kwenye ule ukurasa, sehemu ya usalama, weka password ya msimamizi. Yoyote. Ukishaiweka, zile za kijivu zitafunguka."

"Na nikiisahau?"

"Ukiisahau umeifunga milele. Kwa hivyo usisahau." Akashusha sauti. "Na ukifika ndani, chagua kufuta. Usianze kupekuapekua."

Kwa nini nipekue?

Ijumaa, 10 Juni

Imefunguka.

Niliandika neno la siri, vidole vikiteleza kwa jasho, nikaliandika tena ilipotaka uhakika. Nikarudi kwenye Secure Boot, na ile kijivu ilikuwa imekuwa nyeupe! Nikaizima. Nikahifadhi, nikawasha upya na flash, nikaomba.

Skrini ikakaa nyeusi muda mrefu mpaka nikaanza kulia. Halafu ikaja rangi ya zambarau, na maneno mawili ya kuchagua: kuijaribu, au kuiweka moja kwa moja. Ukijaribu, Ubuntu inafanya kazi kutoka kwenye flash bila kugusa chochote kilichomo. Ukiiweka, inafuta diski yote.

Nilichagua kujaribu. Nataka niseme ukweli wangu hapa: nilitaka tu kuona kama kamera inafanya kazi, kwa ajili ya mtihani. Inafanya. Nikajiona kwenye skrini, macho mekundu, nikacheka. Halafu nikaona alama ya diski ya zamani pembeni, nikaibonyeza kama mtu anayefungua kabati la nyumba aliyohamia.

Kulikuwa na kazi za chuo. Kulikuwa na folda isiyo na jina, herufi tu. Ndani yake picha.

Rahaf yuko jangwani. Mchana mweupe. Amekaa kwenye kiti cha dereva, mikono miwili juu ya usukani, shela imeanguka mabegani, nywele zimetupwa na upepo usoni. Anacheka mpaka magego yanaonekana. Picha nyingine, gari linatembea, vumbi nyuma yake, na uso wake ni mdogo nyuma ya kioo. Nyingine amesimama juu ya boneti, mikono juu.

Gari ni lile kubwa jeupe, la baba. Na kwenye kiti cha pembeni kuna kofia ya kijani yenye ukingo uliochanika. Naijua kofia hiyo. Naiona kila siku dirishani.

Nilizima kila kitu. Nimekuwa nikifua nguo zilizo safi.

Jumamosi, 11 Juni

Nilimngoja Protus aje kuchukua chakula. Dada Sellah alikuwa msalani.

"Wewe ndiye uliyempiga picha," nikamwambia.

Hakukana. Aliweka sahani chini polepole. "Ulifungua za nini? Nilikuambia ufute."

"Mlinipa mimi niwafutie uchafu wenu."

"Si uchafu! Aliniomba. Kila siku namrudisha chuo, kila siku ananiomba, Protus, mara moja tu, mahali hakuna mtu. Mwanamke hapa akishika usukani ni kesi. Dereva aliyempa huo usukani ni kesi gani, wewe niambie? Na mwanaume peke yake na binti wa watu jangwani? Nani ataamini ni kuendesha tu?" Jasho lilikuwa linamtiririka. "Rahaf alijaribu kuzifuta, mashine ikagoma. Dukani hawezi kuipeleka. Tukasema, Rose amesomea..."

"Tukasema."

"Nilitaka kukuambia."

"Chukua chakula chako."

Mtu wa nyumbani. Nilimwekea minofu mikubwa mwezi mzima.

Jumanne, 14 Juni

Nakiri: ningeweza kufuta tangu Ijumaa, na sijafuta.

Nawaza hivi. Mashine ikiwa na vitu vya Rahaf ndani, ni ya Rahaf. Nikifuta, inabaki laptop tupu kwa mfanyakazi, na mfanyakazi hana ushahidi kwamba hakuiba. Zile picha ni kifungo chake na cha Protus. Kwangu ni ukuta wa kuegemea. Nimelala na wazo hilo na halina harufu nzuri.

Alhamisi, 16 Juni

Rahaf: "Umefuta?"

Mimi: "Nimefuta."

Alinishika mkono akaubana. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Ijumaa, 17 Juni

Unyevu. Kuta za chumba chetu zinatoa jasho. Mtihani unakaribia na mashine bado ina kaburi ndani yake. Kesho nafuta, liwalo na liwe. Wenye makosa na wasio na makosa, sote tuko kwenye nyumba moja.

Jumamosi, 18 Juni

Sikuweza. Madam hakulala asubuhi, anapima nguo za harusi.

Jumatatu, 20 Juni

Nitaandika yote.

Madam aliingia chumbani kwetu baada ya adhuhuri. Hakuwahi kuingia humo. Alikwenda moja kwa moja kwenye blanketi langu. Dada Sellah alikuwa mlangoni nyuma yake, anatazama sakafu, na hapo nikajua.

"Hii ni nini?"

"Laptop, madam."

"Umeitoa wapi?"

Rahaf alikuwa ametokea kwenye korido, amevaa dera la kulalia, mkono mdomoni. Nilimtazama. Nilingoja. Alikuwa na nafasi ya kutosha kusema neno moja, na hakusema.

"Nimeipata humu nyumbani," nikasema.

"Umeipata!" Madam aliifungua akabonyeza. Vidoti, uso wa huzuni, halafu maandishi meupe kwenye weusi, kwa sababu nilikuwa nimebadilisha mpangilio. Akarudi nyuma kama ameona nyoka. "Unafanya nini na hii? Unapeleka wapi mambo ya nyumba yangu? Umepiga picha? Maandalizi ya harusi ya binti yangu umepiga picha?"

"Hapana, wallahi, madam."

"Halas, basi. Kesho kutwa naipeleka kwa fundi aifungue. Nitaona mwenyewe. Kisha polisi."

Niliwaza haraka kuliko nilivyowahi kuwaza. Kijana wa dukani, karibu na kituo cha zamani cha basi huko Kandara, mtaa wa hapa Jeddah, anafungua ile folda mbele ya wenzake. Nywele za Rahaf. Kicheko cha Rahaf kwenye simu za watu, wiki chache kabla ya harusi.

"Usiipeleke dukani, madam. Nakuomba. Humo mna picha za mwanamke wa nyumba hii. Fundi ataziona."

Madam akasema kwa sauti ndogo sana: "Kumbe unakiri."

"Sikuzipiga mimi."

"Nani?"

Madam amechukua simu yangu. Ameondoka na laptop. Rahaf alikuwa ameshatoweka kwenye korido.

Dada Sellah alikaa kitandani kwake. "Nilimwambia una kitu. Sikumwambia zaidi. Rosebellah, nilikuwa naisikia ile gari ya polisi kila nikifumba macho."

Nilitaka kumchukia. Nilimwona anavyolikunja upya blanketi langu, nikashindwa.

Jumanne, 21 Juni

Nimeambiwa nisitoke chumbani. Dada Sellah ameniletea uji, na ujumbe wa mdomo kutoka kwa Protus: anataka kwenda kwa baba kujisema. Nikauliza, kwa nini hajaenda? Dada akasema, "Amesimama getini tangu asubuhi. Anakwenda mpaka mlangoni, anarudi."

Nilimwambia Dada ampe jibu: akae huko huko getini. Si kwa huruma. Akijisema yeye, Rahaf anaangamia naye.

Jumatano, 22 Juni

Madam aliniita mezani. Meza kubwa ya kulia, imefutwa, laptop katikati. Baba amekwenda Makka kwa umra. Rahaf amesimama kwenye pazia. Nje, Protus anaosha gari, maji ya mpira yanasikika yakipiga bati.

"Usiku kucha nimewaza maneno yako ya fundi," madam akasema. "Ni kweli. Haitatoka humu. Wewe utaifungua, hapa, mbele yangu."

Nilikaa. Nilichomeka flash. Nikabonyeza, mashine ikaomba neno la siri, na kwa kitambo neno likanitoka kichwani kabisa. Nikafumba macho. Likarudi. Ukurasa ukafunguka, nikachagua flash, nikahifadhi. Weusi. Weusi mrefu. Nikasikia kijimashine chake cha upepo kinazunguka. Zambarau.

Maneno mawili.

"Hili la kwanza ni nini?" madam akauliza. Kiingereza anakisoma kidogo.

"Linaonyesha vilivyomo."

"Na la pili?"

"Linafuta vyote. Havirudi."

"Bonyeza la kwanza."

Kidole changu kilikuwa juu yake. Kubonyeza mara moja tu, na ningekuwa msafi. Hakuna picha yangu humo, hakuna kitu changu, kila faili lina jina la Rahaf. Ningeinuka kwenye kiti kile mtu asiye na deni na mtu yeyote. Maji yalikuwa bado yanapiga bati. Nilimfikiria Protus na kofia yake, nikakasirika naye upya, na kidole bado hakikushuka.

Niliigeuza laptop ikamtazama Rahaf. "Bonyeza wewe," nikamwambia. "Ni yako."

Rangi ilimtoka usoni. Nikadhani atakimbia tena. Alikuja mpaka mezani.

"Mama, ni yangu. Nilimpa mimi. Nilimwambia afute na asikwambie."

"Kwa nini afute?"

Machozi ya Rahaf yalikuwa yanashuka bila sauti. Madam alimtazama binti yake, halafu akanigeukia mimi.

"Wewe uliziona."

"Niliziona, madam."

"Kuna mwanaume?"

"Kwenye picha nilizoziona yuko peke yake."

"Uliona nini? Sema."

"Niliona binti yako anacheka, madam." Sauti yangu ilikwaruza. "Sijawahi kumwona akicheka hivyo humu nyumbani."

Madam alikaa. Akaweka viganja vyake juu ya meza akavitazama. Nje mpira ulifungwa. Nilijua angeweza kusema "bonyeza la kwanza" mara ya pili, na safari hii hakuna ambaye angemzuia. Naye alijua.

"Mama yangu alizaliwa jangwani," akasema, kama anazungumza na meza. "Alikuwa anaendesha pikapu ya maji ya ngamia. Baba yangu ndiye aliyemfundisha. Tulipohamia mjini akaambiwa aibu, akaacha." Hatukujua alijuaje habari ya usukani, wala kama alikuwa anajua au anakisia. Hakutuambia. "La pili," akasema.

Rahaf ndiye aliyebonyeza. Mashine ikauliza kama ana uhakika wa kufuta diski yote. Akabonyeza tena, kisha akaegemea ukuta akalia kwa sauti, kama msibani. Tulikaa watu watatu tukitazama mstari unaojaa.

Ilipoisha ikataka kuanza upya. Nikatoa flash. Weusi, halafu sentensi moja nyeupe: hakuna kifaa cha kuwashia.

"Imekufa?" madam akauliza.

"Bado, madam."

Akainuka kwenda kuswali alasiri. Hakurudi.

Nilijua kazi ilikuwa imefanyika, maana niliona kila kitu kikiandikwa. Ila mashine ilikuwa inatafuta mlango wa zamani ambao haupo tena. Nilirudi kwenye ule ukurasa. Nikajaribu kubadilisha mpangilio, hakuna. Nikajaribu tena. Rahaf alivuta kiti akakaa kando yangu, anafuta kamasi kwa mkono wa dera.

"Hapo," akasema, akaonyesha. "Kuna mstari hatujaufungua." Ulikuwa unasema uchague faili la kuaminiwa. Ulikuwa wa kijivu. Tulirudisha Secure Boot kwanza, ukawa mweupe. Ndani tukaona diski, folda moja ndani ya nyingine, ya mwisho ikiitwa ubuntu, na humo faili chache. La kwanza tulilochagua halikufanya kitu. Rahaf akachagua lililofuata, mashine ikataka faili hilo lipewe jina. Akaniangalia. Nikaandika Rosebellah, jina zima, si Rosa. Tukahifadhi, tukalisogeza juu ya orodha.

Ikawaka.

Hatukupiga kelele. Rahaf alinong'ona, "Nilikuwa naendesha kweli, Rosa. Si kwamba nilikaa tu. Niliendesha mpaka kwenye lami na kurudi."

"Nilikuona," nikamwambia.

Alhamisi, 23 Juni

Nimerudishiwa simu. Laptop nimeachiwa. Nimepiga pasi.

Jumatano, 6 Julai

Idi. Watoto wa ndugu zao wamejaa nyumba nzima, pipi kwenye mazulia.

Jioni madam aliniita jikoni, sisi wawili. Akasema nitaondoka, safari ya moja kwa moja, si likizo. Haki yangu yote nitapata.

"Nimekosa nini, madam?"

"Hujakosa." Alikuwa anapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa. "Wewe ni mtu mzuri. Lakini kila nikikuona nataka kukuuliza swali. Siku moja nitakuuliza, nawe utanijibu. Sitaki kusikia."

Sikubishana. Nilimwomba siku chache tu, mpaka mtihani upite. Alikubali. Baadaye Dada Sellah aliniambia Rahaf alikuwa ameshamwombea hilo kabla yangu.

Jumamosi, 9 Julai

Nimefanya mtihani kwenye chumba cha Rahaf, mlango umefungwa. Mtandao ulikatika mara moja, nikadhani moyo umesimama. Ukarudi. Mfumo umetoa alama papo hapo: nimepita. Vizuri sana haikuwa, lakini nimepita.

Dada Sellah alikaanga mandazi bila kuombwa.

Jumanne, 12 Julai, uwanja wa ndege, Jeddah

Protus ndiye aliyenileta, na mwanamke mmoja wa ukoo wao amekaa kati yetu kama desturi. Protus hakuvaa ile kofia. Karibu na uwanja alisema kwa Kiswahili, macho barabarani, "Ningesema, Rose. Siku ile ningesema."

"Ungesema lini?"

Aliponitolea sanduku alilishika kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nimemwambia aache kumpa mtu yeyote usukani, na awasalimie watu wake wa nyumbani wakipigiana simu. Zaidi ya hapo sina la kumwambia kwa sasa. Labda nitakuwa nalo nikifika.

Kwenye ukaguzi askari mmoja aliitoa laptop kwenye begi. Akaigeuza huku na huku. Ina herufi za Kiarabu na kibandiko cha chuo cha Riyadh.

"Ya nani hii?"

"Yangu."

"Washa."

Niliiweka mezani. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nikabonyeza. Weusi. Yule askari akainama kuangalia, mimi pia nikainama, na kwa kitambo vichwa vyetu vilikuwa karibu kugusana juu ya skrini ile tupu.

Halafu rangi ya zambarau ikapanda, na katikati yake jina langu, likingoja neno la siri.

"Rosebellah," askari akasoma kwa shida, silabi moja moja. Akanitazama, akatazama pasi yangu, akanisukumia mashine, akaashiria nipite.

"Yalla."